Mashaka Yenye Namba

Nina ugonjwa wa kuhesabu. Nikipewa kitabu, kabla sijasoma neno lolote nahakikisha kurasa zake zinafuatana. Ndivyo nilivyokutana na mwanamke ambaye baadaye nilimwita dada.

Nilikuwa nafanya kazi, na bado nafanya, katika duka la uchapaji mtaa wa Wandegeya, Kampala, chumba kimoja chenye mashine mbili za fotokopi na moja ya kujalidi. Wateja wetu wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu. Napokea tasnifu, naichapa, naivalisha jalada gumu la rangi inayotakiwa na kitivo, namrudishia mwenyewe. Hakuna aliyenituma kuzisoma, lakini nazisoma zote. Mimi sikwenda chuo. Nilimaliza sekondari nikaishia hapo, na baiolojia ninayoijua niliiokota kwenye tasnifu za watu wakati gundi ikikauka. Wenzangu dukani waliniita polisi wa koma.

Tasnifu ya dada ilihusu damu ya akina mama wajawazito. Yeye ni Mkenya aliyekuja kusoma Kampala, kisha akapata kazi kwenye maabara moja ya utafiti. Majedwali yake yaliruka kutoka la tatu hadi la tano. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba sampuli ileile ilikuwa na jina moja sura ya pili, jina jingine sura ya nne, na kwenye viambatisho ilikuwa imekuwa herufi tatu tu. Nilikata kipande cha karatasi ya manjano, nikaorodhesha kurasa zote, nikakibandika juu ya jalada. Halafu nikaenda kujificha nyuma ya mashine, kwa sababu nilikuwa na hakika atanigombeza.

Alisoma, akauliza nani ameandika. Wenzangu wakaninyooshea vidole bila huruma.

"Wewe umesomea wapi?" akaniuliza.

"Hapa."

"Hapa chuo?"

"Hapa dukani."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasema kuna watu anaowajua ambao wanafanya kazi ya kugombana juu ya majina ya vitu siku nzima, na kwamba mimi ni mgonjwa wao hasa.

Watu hao walikuwa kundi la maabara za nchi kadhaa. Tatizo lao ni lile la tasnifu ya dada, ila mara elfu. Maabara moja inaita kitu hivi, ya pili inakiita vile, ya tatu inatumia herufi ambazo aliyezibuni ameshahama. Binadamu anaweza kupiga simu akauliza, lakini kompyuta haiulizi, inachanganya tu. Kwa hiyo wanakaa wanakubaliana: kitu hiki kitakuwa na namba hii, maana yake ni hii na si nyingine, na ni aina ya kitu fulani kilicho juu yake, ambacho tunakiita mzazi wake. Orodha hiyo ya pamoja, iliyopangwa kwa wazazi na watoto, wenyewe wanaiita ontolojia. Yetu ilikuwa ya sampuli: damu, mate, nyama, majimaji, kila kinachotolewa mwilini kikatiwa kwenye kichupa na kuandikwa lebo.

Nilipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda mtu. Mama yangu huchambua mabunda ya nguo za mitumba kwenye soko la Owino tangu tulipofika hapa kutoka Kongo, na nilikulia kwenye marundo yake, nikijifunza kwamba vazi lisilo na rundo halilazimishwi. Linawekwa pembeni mpaka lieleweke. Sikujua kwamba kuna watu wenye shahada wanaolipwa kufanya hivyo.

Dada alinifundisha sheria za kundi jioni baada ya kazi, kwenye vibanda vya chapati vya Wandegeya, simu yake ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya soda. Sheria iliyonishika roho ilikuwa hii: namba ikishatolewa haifutwi kamwe. Neno likionekana lina kasoro linastaafishwa. Linabaki palepale likiwa na alama kwamba lisitumike tena, pamoja na kielekezi cha neno lililochukua nafasi yake. Namba yake haipewi kitu kingine chochote, maana huenda kuna maabara mahali fulani bado inayo kwenye mafaili yake. Na kila neno, zima au lililostaafu, linabeba jina la aliyeliandika.

Sheria ya pili: kila kitu hadharani. Ukitaka kubadilisha kitu unaandika ombi mahali ambapo wote wanaona, na mwenye pingamizi anaandika chini yake, na sababu. Hakuna minong'ono. Kila Alhamisi mchana wahariri wanakutana kwa mtandao na kuamua.

Mimi sikuwa mhariri. Wahariri walikuwa wanne, dada akiwa mmoja wao, na wao tu ndio walipiga kura. Lakini dada aliniombea ruhusa ya kuandika, na kwa muda wa mwaka na miezi kadhaa niliandika sehemu nzima ya sampuli za uzazi: kondo la nyuma, kitovu, majimaji ya mfuko wa uzazi, maziwa ya kwanza. Kila fasili niliiandika mara kumi. Dada alikuwa akizipitia na kusema, "Mdogo wangu, hii ni safi, wacha sasa," nami siachi. Mwishoni akapendekeza kwamba niwe mhariri wa tano. Kura ikapangwa Alhamisi fulani, majuma manne mbele.

Inabidi nieleze kura hiyo ilikuwa nini kwangu, ingawa naona aibu. Dukani mimi ni mtu wa gundi. Kwenye orodha ile, jina langu lingekaa sawa na majina ya watu wenye herufi mbele na nyuma, na hakuna ambaye angeuliza nimesomea wapi. Nilikuwa nimeshafikiria nitamwambiaje mama. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo.

Sasa kuhusu daftari. Nilikuwa na daftari la mashaka. Kila nilipotilia shaka neno nililoandika, niliandika shaka hilo na kulipa namba. Likipata jibu nalikata kwa mstari mmoja wa rula, na namba yake situmii tena. Ndiyo, niliziiga sheria za kundi kwenye daftari langu la shule. Kwa hiyo kila nilipohamishia mashaka yaliyobaki kwenye kurasa safi, orodha ilikuwa na mapengo: hakuna la nne, hakuna la tisa, hakuna la kumi na tano. Mengi kati ya yaliyobaki hayakuwa mashaka ya kweli. Nilikuwa na ushahidi wa vitabu vitatu, nikataka cha nne. La mwisho, la ishirini na mbili, halikuhusu neno lolote. Liliuliza kama mtu ambaye hajafundishwa anaweza kujua kwamba hajui.

Dada aliliona daftari siku moja, akaomba aende nalo. "Nataka kuona vile kichwa chako kinafanya kazi," alisema. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno zuri kuliko hilo. Nikampa, nikaona haya kama niliyevua nguo.

Kosa nililigundua Jumamosi, siku kumi na mbili kabla ya kura, nikiwa nyumbani Nateete. Mama mwenye nyumba wetu, Mganda wa makamo mwenye mdomo mkali, alikuwa ameanika juani vitu vya sanduku lake la bati. Kati ya mashuka kulikuwa na kitambaa cheupe, na ndani yake vifundo vinne vidogo vyeusi, vikavu kama karafuu. Nikauliza ni nini. Akaniambia ni vitovu vya watoto wake, vilivyodondoka walipokuwa wachanga. Kwao vinatunzwa, maana siku ya kuwaingiza watoto kwenye ukoo vinahitajika. Wanawe sasa ni watu wazima, mmoja ana ndevu.

Nikamuuliza, kwa ugonjwa wangu ule, kama basi ni vyake au vyao. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi.

"Ya mutoto," akasema. "Kira moja iko na mwenyewe. Mimi niko naweka tu."

Nilibaki nimesimama na shuka lake mkononi. Damu ya kitovu, ile inayovutwa kwenye kitovu mara tu mtoto anapozaliwa, mimi nilikuwa nimeiweka chini ya sampuli za mama. Kila kichupa cha damu ile nilichowahi kusoma habari zake kilikuwa na lebo yenye namba ya mama, kwa sababu mtoto mwenyewe hana faili bado. Ana dakika mbili duniani. Nilikuwa nimeifuata lebo. Damu ni ya mtoto. Mama anawekewa tu kwenye faili lake. Na kwenye mashaka yangu yote yenye namba hili halikuwemo, kwa sababu sikuwahi kulitilia shaka hata siku moja.

Halikuwa kosa la kuchekesha. Nilijua kuna maabara mbili zilizokwisha kuanza kutumia namba ile. Mtoto akikutwa na vijidudu kwenye damu yake, kompyuta ingemhesabia mama. Mama asiye na kitu angeonekana mgonjwa, na mtoto mgonjwa asingeonekana popote.

Kwa sheria yetu nilitakiwa kuandika ombi la kurekebisha siku ileile, hadharani. Nililiandika. Sikulituma. Jumatatu nikamtafuta dada, nikamkuta kwenye kibanda chetu akila, nikamweleza. Aliacha kutafuna. Akaniuliza kama nimeshamwambia mtu. Nikasema bado.

"Sikiza, mdogo wangu. Ngoja kura ipite, ndio uandike. Ukileta hii saa hii watasema hujakomaa. Usijiharibie mwenyewe."

Nikasema kuna maabara mbili tayari.

"Hizo zimekaa nayo miezi. Siku kumi zitaua nani?"

Nikakubali. Sitaki kuandika hapa kwamba alinishinda kwa maneno. Nilikubali haraka, na nilipokuwa nateremka kuelekea kwenye teksi za Nateete nilijisikia mwepesi. Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amenipa ruhusa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naitafuta.

Jumanne ya juma lililofuata, siku mbili kabla ya kura, kulitokea ombi jipya kwenye ukurasa wa kundi. Nililiona dukani, nikisubiri mashine ipoe. Lilipendekeza kwamba sehemu yote ya sampuli za uzazi istaafishwe, kwa sababu ya dosari nyingi, na dosari zikaorodheshwa kwa namba. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza kizuri, cha upole. Nilisoma la kwanza nikafikiri, huyu mtu ana macho. Nilisoma la pili. Kisha la tatu. Kisha la tano.

La nne halikuwepo.

Nilishuka kwa kidole. Baada ya la nane, la kumi. Baada ya la kumi na nne, la kumi na sita. Yalikuwa mashaka yangu, kwa mpangilio wangu, na mapengo yangu, yakiwa yametafsiriwa. Pale nilipokuwa nimeandika "nitafute kitabu kingine", palisomeka "haina ushahidi wa kutosha". La ishirini na mbili lilikuwa limegeuka kuwa sentensi fupi: mwandishi wa sehemu hii hana mafunzo rasmi. Chini yake kulikuwa na aya peke yake, isiyo na namba, juu ya damu ya kitovu. Ilisema mzazi wa neno hilo si sahihi na kwamba mwandishi alilijua kosa hilo kwa zaidi ya juma bila kulitangaza, kinyume cha utaratibu wetu.

Jina la aliyewasilisha lilikuwa la dada.

Nitakiri wazo langu la kwanza, maana nimeshaanza kukiri. Sikuwaza kuhusu watoto wala maabara. Niliwaza kwamba hakujisumbua hata kuzipanga namba upya. Mtu yuleyule ambaye majedwali yake yaliruka kutoka la tatu hadi la tano. Alikuwa na daftari langu kwa miezi, na hakuwa ameona mapengo.

Nilimpigia simu mara nne. Hakupokea. Mara ya tano iliita mara moja tu ikakatwa. Mwenzangu wa mashine ya pili aliniuliza polisi wa koma kuna nini leo, nikasema tumbo, nikaendelea kujalidi. Siku ile nilibandika jalada la bluu kwenye tasnifu ya mtu aliyetaka jekundu, kosa ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada ya hapo.

Alhamisi nilijiunga na mkutano kwa simu, nikiwa nimekaa juu ya katoni za karatasi kwenye stoo ya duka. Mwenyekiti, mzee mpole kutoka nchi ya mbali ambaye sijawahi kumwona ana kwa ana, alisema kwamba kabla ya kura kuna ombi limeletwa, na ni haki mwandishi asikilizwe. Akaniuliza kama aya ya mwisho ni ya kweli.

Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu za utetezi. Kwa kila shaka nilikuwa na kitabu. Lakini yeye aliuliza aya ya mwisho tu, na aya ya mwisho ilikuwa kweli. Nikasema ndiyo. Kosa nililigundua Jumamosi ile, na hadi Jumanne hii sikuwa nimelisema.

Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya upole, kama kuna mtu mwingine aliyelijua.

Kwenye kioo cha simu niliona mraba wa dada. Alama ya kipaza sauti chake ilifunguka. Nikangoja. Nilimngoja kwa moyo wote, nasema kweli. Hata pale, kama angesema "nilimshauri angoje", ningemsamehe mengine yote, daftari na la ishirini na mbili. Alama ikafungwa tena.

"Dada alijua," nikasema. "Nilimwambia Jumatatu. Alinishauri ningoje kura ipite, nami nikakubali."

Sasa akafungua kipaza sauti. Hakukasirika. Alisema ananielewa, ni kipindi kigumu kwangu, na kwamba tuliongea mambo mengi siku ile wakati wa chakula. "Lakini hilo silikumbuki hivyo," akasema.

Hatukuwa tumeandikiana chochote. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, chapati katikati yetu. Mpishi wa chapati alikuwepo, lakini huwezi kumwita mpishi wa chapati kwenye mkutano wa ontolojia.

Kura yangu haikupigwa. Mwenyekiti alisema iahirishwe bila tarehe. Sehemu ya uzazi ikastaafishwa, na dada akasema, kwa faida ya kundi, kwamba nyingine iko tayari kuchukua nafasi yake, ameiandaa na washirika wapya wenye uwezo mkubwa, na yeye ataiongoza. Wote wakashukuru kwamba hakutakuwa na pengo.

Baadaye niliingia nikaisoma. Fasili zilikuwa zangu. Neno kwa neno, hata ile ya maziwa ya kwanza niliyoiandika mara kumi, ikiwa na koma mahali ambapo mimi tu ningeiweka. Kitu kimoja kilikuwa kimebadilika, damu ya kitovu ilikuwa chini ya mtoto, sawasawa. Na kila neno jipya huonyesha siku lilipoundwa. La kwanza liliundwa Jumanne ya juma lililotangulia, siku moja baada ya chapati. Aliposema "usijiharibie mwenyewe" nadhani alikuwa bado ananipenda. Nadhani alibadilika usiku ule, au asubuhi. Au labda nilikuwa nimeshawekwa kwenye rundo lake tangu siku alipobeba daftari, sijui. Nimelifikiria hilo kupita kiasi, na mama ameniambia kwamba nikiendelea hivi nitakonda bure.

Kwa kuwa sehemu yangu ilikuwa imestaafishwa, ruhusa yangu ya kuandika ilikuwa inaisha Ijumaa jioni. Ijumaa mchana, wateja walipopungua, nilifungua neno langu la damu ya kitovu lililostaafu, maana neno lililostaafu mwandishi wake huweza kulirekebisha bila ombi. Nililihamisha kutoka kwa mama, nikaliweka chini ya mtoto. Hakuna atakayelitumia tena. Ilikuwa kama kumpigia pasi nguo mtu aliyeshasafiri. Halafu kwenye nafasi ya maelezo, ambayo kila mtu anaweza kuisoma, niliandika: "Mzazi wa kwanza wa neno hili alikuwa si sahihi. Mwandishi alilijua kosa kwa siku kumi bila kulisema. Alishauriwa na mhariri angoje, akakubali." Sikutaja jina la mhariri. Langu lilikuwepo tayari. Nikaziandikia zile maabara mbili pia, barua fupi, kuzieleza ni rekodi zipi zirekebishwe. Moja ilijibu asante.

Jioni ile dada akanitumia ujumbe, wa kwanza tangu Jumatatu ya chapati. "Mdogo wangu, hiyo note si poa. Iondoe tafadhali tuongee kama watu wazima."

Nilisoma "mdogo wangu" mara nyingi kuliko yale mengine. Ruhusa ilikuwa imekwisha, nisingeweza kuiondoa hata kama ningetaka, na yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiye aliyenifundisha. Sikumjibu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine nafungua ukurasa ule kuona kama maelezo bado yapo. Mpaka leo yapo.

Daftari hakunirudishia. Nilichukua jingine kwenye rafu ya dukani, nikapiga mistari, nikaanza na namba ishirini na tatu, kwa sababu zile za nyuma zimeshatumika hata kama ziko mikononi mwake. Shaka la ishirini na tatu ni hili: kama angeniambia niandike ombi siku ileile, ningeandika? Nimelitafutia jibu kwa miezi. Rula ninayo, na mstari bado sijaupiga.